Jembe Lako Ninalo Mimi

Kabula, mtani wangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kusema wao ni wazima, wasiwasi ni juu ya huyo aliye mbali. Mimi leo siwezi. Wewe wasiwasi wako umekwisha wote, umeuacha hapa Nyakato, na sehemu kubwa umeniachia mimi, Zuhura wa chumba cha tatu. Nimekaa kwenye cherehani tangu nimalize chai na sijashona hata pindo moja.

Uji wako haukumwagika. Naanza na hilo kwa sababu ndiyo kazi uliyonipa. "Zuhura, niangalizie uji, nimwagilie mchicha mara moja." Ukachukua lile kopo la mafuta ulilolitoboa kwa msumari, ukavaa kofia yako ya majani iliyolika ukingo, ukatoka. Nikachuchumaa kwenye jiko lako la mkaa, nakoroga, mgongo nimekupa. Na mdomo wangu unaujua, haukai bure.

Siku hiyo nilikuwa na kesi na wewe. Nilikuwa nimeamka nikakuta mche wangu wa asumini haupo pale ukutani, na pale pale umepanda mgagani. Basi nikakuanza huku nakoroga. Nikasema Msukuma ukimpa pa kulala atalima mpaka chini ya kitanda. Kimya. Nikasema unajifanya kiziwi, mwizi wa miche wewe. Kimya. Nikasema, na nilisema kwa sauti, Mama Akinyi alinisikia kutoka chumba cha tano: "Si ufe tu, nirithi hilo jembe, nipande asumini tupu mpaka nyuki wahamie!"

Nikacheka peke yangu, nikasubiri jibu lako.

Nilipogeuka, kopo lilikuwa limelala ubavu, maji bado yanatoka kidogo kidogo kwenye vitundu. Wewe umekaa chini, umeegemea lile tairi tulilopandia matembele, kofia imekushukia machoni. Nikakuuliza umelala? Kabula, mimi nilikuuliza kama umelala. Nikaipua uji kwanza, nikaufunika, ndipo nikaja kukutikisa bega.

Walisema presha. Mimi sijui. Mtu aliyebeba ndoo mbili kutoka bombani jana yake, moja kichwani na moja mkononi, huku ananisimanga kwamba nyonga zangu ni za kukalia mkeka tu! Hata leo wakitaja neno marehemu nageuka kuangalia wanamsema nani.

Sasa nakuuliza, na ndilo linaloniandikisha: nilipotamka lile neno, ulikuwa umeshaondoka, au ulilisikia?

Akiisoma barua hii mtu asiyejua utani atasema mimi mchawi. Wewe unajua. Baba yangu Mzaramo wa Kisarawe, reli ndiyo iliyomleta Mwanza, na Wazaramo na ninyi ni watani tangu enzi za mababu. Siku nilipohamia, sijatua hata godoro, ulisimama mlangoni ukasema, "Karibu, Mzaramo. Kuku tumeshawafungia." Nikakujibu sina haja na kuku waliokonda kama mwenyewe. Tangu hapo hatukuwahi kuamkiana kama watu. Ulikuwa ukiniona naumwa unaniuliza nitaacha vitenge vingapi. Nami siku ile mlipopunguzwa kwenye kiwanda cha nyuzi, wewe na nusu ya wasokotaji wote, nilikuambia afadhali, uzi ulikuwa unakatika kwa sababu yako. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukalia, halafu ukaenda kutafuta jembe.

Hivyo ndivyo ilivyoanza bustani yetu. Ua wote ule wa nyuma ulikuwa jalala la vyumba sita: vyuma vya mashine, pamba chafu, matope ya maji ya kufulia. Hatukuwa na cha kununulia hata mbegu. Ukaenda gereji ukaomba matairi yaliyokufa, ukayapasua kwa kisu cha jirani yetu Mzee Lugola na kukiua hicho kisu. Chupa tukazipindua tukazifukia shingo, zikawa ukingo. Kiwandani bado ulikuwa na watu, wakakupa makapi ya pamba. Na lile gugu maji lililofunga ufuko, ambalo wavuvi wanalilaani kila siku, wewe ulisema Mungu hakutuletea mbolea kwa makosa. Tulilipakia kwenye mkokoteni, likatuchuruzikia maji mgongoni mpaka nyumbani, watu wa njiani wanatuuliza tunafuga ng'ombe wa aina gani.

Na vichwa vya sangara! Hilo sitakusamehe. Ulisikia wapi sijui kwamba kichwa cha samaki kikifukiwa chini ya nyanya, nyanya inazaa kama imerogwa. Minza, mwanao, akatuletea debe zima kutoka kwenye kiwanda cha minofu anakofanya kazi. Tukafukia, tukanawa, tukajisifu. Asubuhi tukawakuta korongo tisa ndani ya ua, wale ndege wenye vipara, wanatembea kwenye matuta taratibu kama mameneja wanaokagua. Walifukua kila kichwa. Ulichukua fagio, mimi nikachukua sufuria na mwiko, na yule mkubwa wao hakuondoka, alitutazama tu. Ukasema, "Huyu ni Mzaramo, ona anavyopenda vya bure."

Ulipanda chakula, mimi nikataka maua. Huo ndio ulikuwa ugomvi wetu wa kila juma. Uliniambia asumini haipikwi. Nikakuambia mgagani haunukii. Hata hivyo mrehani wangu uliuacha.

Kiwanda kilipouzwa, na sisi na vyumba vyetu, maana vilikuwa vya kiwanda, tukauzwa ndani yake kama kuku na tenga. Yule bwana wa ofisi ya mwenye mali mpya akaja akapiga hatua kwenye ua, akasema pataegeshwa malori. Sisi wote tukaguna, tukaingia ndani. Wewe ukamfuata ofisini. Nilikusihi uoge kwanza, ukasema ukioga ujasiri utaisha. Ukaenda na kofia ile ile na udongo miguuni, ukarudi unapepesuka kwa furaha. Alikupa Ijumaa. Angekuja aone kwa macho yake. Akikuta bustani, anaacha, akikuta jalala, malori yanaingia. Ukatuhesabia siku kwa vidole, zilikuwa kumi na moja. Tukacheka kwamba siku kumi na moja tutaweza hata kupanda msitu.

Zilipobaki siku nane, ukaniomba nikuangalizie uji.

Tulikupeleka kwenu, upande wa Sengerema. Pale Kigongo kivuko kilikuwa ng'ambo, upande wa Busisi, na tulikisubiri juani, jeneza kwenye gari, sisi chini ya gari tukitafuta kivuli. Muuza mahindi akaja akatuuliza tunachukua mangapi. Minza akanunua. Alilitafuna hilo hindi mpaka gunzi, hatoi chozi, anaangalia maji. Hakuwa amelia tangu siku ile. Mimi pia.

Kijijini kwenu wakaniuliza mimi nani, wakaambiwa mtani. Kabula, nyuso zao zilichangamka! Wakanipisha mbele. Walikuwa wananisubiri nifanye kazi yangu: nivae nguo zako nikuigize, nikae juu ya jeneza nikatae lisitoke mpaka nipewe changu, nikuseme wewe mlafi, mvivu, umekwepa kulima msimu huu. Watu wacheke ili waweze kupumua. Mtani hana msiba, ndivyo tunavyosema. Shangazi yako yule mwenye fimbo akanigusa ubavuni. "Mtani, hata neno moja la kumsindikiza mwenzio?"

Nilifungua mdomo. Hamna. Neno langu la kukusindikiza nilikuwa nimeshalisema, nikiwa nakoroga uji. Niliona nikithubutu jingine, atakufa mwingine. Nikajifunika khanga mpaka mwisho. Wakakuzika kimya, na shangazi yako alinitazama kama mtu aliyekuja harusini mikono mitupu.

Tulirudi Nyakato Jumatatu. Uani sikukanyaga. Nilipita kwa mlango wa mbele, nikafunga dirisha la nyuma, nikakaa. Siku ya Alhamisi, jua linaanza kupungua ukali, Mzee Lugola wa chumba cha kwanza akaja pale barazani kwenye cherehani. Unamjua alivyo, mlinzi mstaafu, anasimama wima hata akiomba chumvi. Siku hiyo alikuwa amevua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Zuhura, umeuona ua?"

Nikasema sijauona. Akanishika mkono kama mtoto, tukazunguka nyuma.

Kabula. Mchicha ulikuwa umelala chini kama nywele. Nyanya zimekunja majani, bamia zimekauka kwenye kikonyo, kuku wa nyumba ya pili wamechakura matuta mawili. Watu wa vyumba sita, watu waliokula kwenye ua ule mwaka mzima, hakuna aliyetia hata kikombe cha maji. Nikamgeukia yule mzee nikampigia kelele, mimi nilimpigia kelele Mzee Lugola! Nikamwambia ninyi ndio mliomuua mara ya pili, mnajua kesho ni Ijumaa, mnakaa mnaangalia?

Aliniacha nikamaliza. Akasema, "Msiba haujaondolewa, mama. Matanga ni Jumamosi. Mtu amekufa ndani ya shamba, sisi tukashike jembe katika shamba hilo? Kwetu haiwezekani. Na maji ya shamba ni jembe vile vile. Sisi tumefungwa mikono." Akanielekezea kidole. "Wewe ndiye hukufungwa. Mtani akilianza jembe, kwetu linakuwa halali. Tumekusubiri tangu Jumatatu. Tulidhani unajua."

Sikujua. Naapa kwa Mungu sikujua. Utani wangu ni wa mjini, wa matusi na kicheko. Hiyo ya jembe hakuna aliyenifundisha, wala wewe. Watu wazima wa vyumba sita walikuwa wamekaa na ndoo tupu, wananisubiri mimi, na mimi nimejifungia dirisha ninawaogopa.

Akaniacha pale uani, peke yangu, akaenda kukaa kizingitini kwake. Nikaona na wengine wako vizingitini kwao. Mama Akinyi amekaa na ndoo mbele yake. Minza yuko mlangoni kwako, nguo ya kazini hajavua.

Jembe lilikuwa limeegemea ukuta ulipoliacha. Kofia kuna mtu alikuwa ameitundika juu yake. Buti zako za mitumba ziko chini, moja nyeusi na moja ya kijani. Nilisimama muda, nikasema moyoni kwamba nikikosea hapa sina tena pa kukaa Nyakato. Halafu nikavaa buti. Zilinibana, una miguu midogo kwa mtu mwenye kelele. Nikavaa kofia, ikanuka wewe, moshi na jasho na mafuta ya nazi. Nikalishika jembe, nikabinua makalio nyuma kama unavyobinua, nikatembea ule mwendo wako wa bata mpaka katikati ya ua, nikamfokea Mama Akinyi kwa sauti yako:

"Wewe! Unamwagilia au unatema mate?"

Mama Akinyi alishika ndoo yake, akaniangalia tangu buti mpaka kofia. Kisha Minza akacheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka akashika mlango, na katikati yake kikageuka, akaanza kulia, akalia kwa sauti kubwa, analia na kucheka, anasema, "Ni yeye, ni yeye kabisa." Mama Akinyi akamkimbilia. Mimi nikapiga jembe la kwanza. Nikasema kwa sauti: Mnamwona huyu Msukuma? Kaona kazi imebaki siku nane akajilaza! Nikapiga la pili. Nikasikia nyuma yangu ndoo zinagongana.

Tulifanya kazi mpaka jua likazama ziwani. Mzee Lugola alichota maji kama kijana. Yaliyokufa tuliyang'oa, yaliyozimia tukayapa kivuli cha magunia. Pale tairi la matembele, mahali ulipokaa, hakuna aliyepasogelea, waliniachia mimi. Nikapalilia kuzunguka. Nyuma ya tairi, upande wa dirisha langu, dirisha nililolifunga tangu Jumatatu, kulikuwa na tairi jingine dogo ambalo sikulijua. Udongo mweusi, mzuri kuliko wote uani. Juu yake umetandaza gugu maji kavu, nene, na umesimika vijiti vitatu. Nikaliinua lile gugu kwa kidole.

Asumini yangu. Iko hai, imetoa majani mapya mawili.

Hukuing'oa. Uliihamisha, ili ipande dirishani kwangu. Kopo lilianguka pale pale, kwenye ukingo wa tairi hilo. Ulisema unakwenda kumwagilia mchicha, na mchicha uko upande wa pili wa ua. Nilikaa chini pale ulipokaa wewe. Nilikuita mwizi, Kabula. Unainywesha asumini yangu, nami nakuita mwizi.

Ijumaa tulingoja tangu asubuhi. Nilivaa kofia yako, sikutaka kuivua, nilihisi nikiivua mimea italala tena. Yule bwana alikuja alasiri, na haraka zake, injini hakuizima. Akatazama matairi, akatazama chupa, akavunja jani la mrehani akalinusa. Sisi tumejipanga kama watoto wa shule. Akanijia moja kwa moja, akaitazama kofia, akasema, "Mama, ulisema kweli. Sikutegemea. Malori nitayapeleka ng'ambo ya barabara." Akanyoosha mkono. "Mama Minza, siyo?"

Nilimtazama Minza. Alikuwa amenikodolea macho. Mzee Lugola anatazama mawingu. Nikakishika kile kiganja cha mwenye ofisi, nikasema, "Ndiyo, baba. Asante sana."

Na akaondoka. Mpaka sasa sijui nilitenda dhambi gani. Hakuna aliyenisahihisha. Kwa hiyo ujue: kwenye ofisi ile wewe uko hai, na umeshukuriwa.

Jana matanga yakaondolewa. Ndugu zako walivuka kuja, vitu vyako vikagawanywa kwa amani. Kofia kapewa Minza. Kaka yako mkubwa akauliza liko wapi jembe. Kabula, nilikuwa nimelikalia. Nikawaambia mtani amelishika, mwenye kulitaka alikomboe. Wakafurahi sana, waliona sasa mtani amefika. Wakaleta jogoo, nikakataa. Wakaongeza kitenge, nikakataa. Shangazi yako akauliza kwa hasira ya utani, "Unataka nini basi, Mzaramo?" Nikasema simtaki jogoo wala kitenge, namtaka mwenye jembe. Aje mwenyewe. Walicheka, kisha wakaacha kucheka, na shangazi yako akasema mwacheni.

Nilisema ufe nirithi jembe. Sikurithi. Usije ukaambiwa huko kwamba Zuhura amerithi. Nimelishikilia tu, kama watani wanavyoshika kitu cha msiba, na kitu kilichoshikwa bado ni cha mwenyewe. Kama neno langu ulilisikia, naamini ulikuwa unatafuta jibu, na lilikuwa jibu kali, na ulikuwa unacheka. Nimeamua kuamini hivyo. Siwezi vinginevyo.

Nakuahidi mgagani hautang'olewa. Nitaupalilia mimi mwenyewe, na nyonga zangu hizi za mkeka, nitaupika hata kama haunukii. Minza anakula kwangu, usiulize. Vichwa vya samaki, hapana, hilo usiniombe.

Lala, Msukuma, mvivu mkubwa wewe. Siku ukilitaka jembe lako unapajua, chumba cha tatu. Ingia tu. Hukuwahi kubisha hodi.

Mimi mtani wako,
Zuhura